Taa ya Jirani

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kuhusu uvamizi wa Kagera. Jioni ile, hapa Mwanza, tuliizunguka redio moja ya betri kusikiliza habari. Taa ya tyubu ya jirani ikawa inakoroma redioni; alipoombwa aliizima, akakaa nasi gizani.

Siku hizi chaja hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zile duni huutawanya mkwaruzo hewani kupitia nyaya za nyumba. Wanaredio wa ridhaa, ambao hapa nchini ishara zao huanza na 5H, hutafuta sauti hafifu za mbali kwenye megahezi 7, zikamezwa. Mwenye chaja hajui kwamba amemziba mwenziwe masikio. Zangu huzichomoa.