Antony Hopkins: miaka 38 ya kueleza muziki kwenye redio, bila mushahara wa mwezi

Antony Hopkins (1921-2014) alikuwa Muingereza mutunga muziki, mupiga piano, muandishi na mutangazaji. Asichanganywe na Anthony Hopkins wa sinema, yule mwenye herufi "h" katika jina. 

Alizaliwa London, tarehe 21 Machi 1921, kwa jina la Reynolds. Baba yake alikufa wakati yeye angali mutoto mudogo, na familia ya Hopkins ikamulea. Njo kwa sababu hiyo alibeba jina lao. Wakati wa vita ya pili ya dunia alisoma piano kwenye Royal College of Music. Aliimba pia katika kwaya ya Morley College, yenye ilikuwa inaongozwa na Michael Tippett, na huyo alimusukuma kwenye kazi ya kutunga.

Kisha masomo hakutafuta kiti cha kudumu mu ofisi. Aliishi kama wale wenye waandishi wa Congo wanaita "pigiste": unafanya kazi, unalipwa ile kazi, kesho unatafuta ingine. Alitunga muziki wa michezo ya jukwaa, wa redio na wa filamu (kama Pickwick Papers ya 1952), pamoja na opera fupi fupi zenye kuhitaji waimbaji wachache tu. Opera ya namna hiyo haiombi orkestra ya watu 60, kwa hiyo haigharimu pesa mingi. Mutu wa kujitegemea anajua kuhesabu. Muziki wake wa redio ulipata zawadi ya Prix Italia mara mbili.

Lakini yenye ilimupa sifa ni kipindi Talking About Music, chenye kilianza kwenye BBC mwaka 1954. Alikuwa anakaa mbele ya piano na mikro. Anachukua kazi moja, anaipasua vipande vipande, anapiga kipande, anasema, anapiga tena. Tuchukue mufano wa Simfonia ya 5 ya Beethoven, yenye inaanza na nota nne tu. Mutu anaweza kuisikia miaka mingi bila kutambua kama ile mapigo, fupi-fupi-fupi-refu, inarudi hata mu sehemu ya tatu, kwenye midomo ya baragumu. Ukishaonyeshwa mara moja kwenye piano, hausahau tena. Hiyo njo ilikuwa kazi yake: kumupa masikio musikilizaji mwenye hakusoma nota, bila kumuzarau. Ni kazi nguvu kuliko inavyoonekana, maana redio haina ubao wa kuandikia.

Kipindi kilimuzalia kazi zingine: mahubiri ya muziki kwenye mashule, kuongoza orkestra, na vitabu. Kimoja, cha 1981, kinaeleza simfonia zote tisa za Beethoven.

Mwaka 1976 alipewa heshima ya CBE. Mwaka 1992 kipindi kikasimamishwa, kisha miaka 38. Pigiste hafukuzwi: mukataba mupya haukuji, basi. Hopkins alikuwa amefikia miaka 71 hivi. Alikufa tarehe 6 Mei 2014, akiwa na miaka 93.