Mguu Kwanza, Buti Baadaye

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiria wafalme, vita na mikataba. Sina ubishi nao. Lakini mtu aliyeishi miaka mingi Ifakara, kama nilivyoishi mimi, hujifunza kwamba iko pia historia ya chini, historia ya nyayo. Ukitaka kujua nani alithaminiwa na nani hakuthaminiwa katika zama fulani, njia mojawapo iliyo nyepesi ni kuuliza: nani alivaa nini miguuni, na je, kuna aliyempima mguu kabla ya kumvika?

Msomaji asiyepafahamu kwetu na avute picha hii. Bonde la Kilombero ni tambarare pana ambayo wakati wa masika hufunikwa na maji ya mto. Kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake cha Luhombero hupita mita 2,500. Kusini-mashariki ziko nyanda za juu za Mahenge. Mwindaji aliyetoka bondeni alfajiri kwenda mlimani alianza kwa tope jeusi na matete, akaingia kwenye changarawe za vilimani, kisha akapanda katika msitu wenye mizizi iliyolowa na mawe yenye utelezi. Kwa siku moja mguu mmoja ulifanya kazi tatu. Hakuna kiatu kinachopenda kazi zote tatu, na hapo ndipo ugumu wa kuchagua ulipo.

Wazee wetu hawakuwa na mabuti, lakini hawakuwa wajinga wa jambo hili. Wandamba wa bondeni walikuwa wawindaji mashuhuri wa tembo na viboko, hata ofisa Mwingereza A. G. O. Hodgson akaandika juu ya desturi zao za uwindaji katika jarida la kitaalamu mwaka 1926. Mwindaji wa namna hiyo alitegemea unyayo mgumu, na alipopenda alifunga kipande cha ngozi chini ya mguu kwa kamba. Unyayo mtupu una faida zake: haupigi kelele, na huhisi kijiti kikavu kabla hakijavunjika. Hata mbuzi mawe, mnyama anayeishi majabalini, husimama juu ya ncha za kwato zake ndogo zinazoshika jiwe, na haanguki. Mlima humpenda anayeukanyaga kwa kuuhisi.

Baadaye, hata hivyo, alikuja adui mpya wa miguu. Funza si mdudu wa asili ya Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, na inajulikana kwamba mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil, ilimleta Ambriz katika pwani ya Angola. Misafara ya biashara na ya wakoloni ikambeba katikati ya bara, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika kwetu mashariki. Tangu hapo kutembea peku hakukuwa tena jambo la mazoea tu. Kulikuwa hatari. Mtu mwenye nafasi ya kukaa na kutolewa funza kila jioni aliweza kuishi naye. Mtu aliyetembezwa siku nzima na mzigo kichwani, kesho vivyo hivyo na kesho kutwa, alipoteza vidole, kisha mguu, na wengine wakapoteza maisha.

Na wa kutembezwa walikuwa wengi. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika bonde letu. Mwishoni mwa mwaka 1916 sehemu ya jeshi la Wajerumani ilirudi nyuma mpaka Mahenge, na Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliuteka mji huo. Kamanda wa Wajerumani katika nchi hii, Paul von Lettow-Vorbeck, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, na humo amelizungumzia suala la viatu kwa namna inayochekesha na kusikitisha. Anaeleza kwamba alitambua haiwezekani kutembea peku kwa muda mrefu katika njia za miiba, na kwamba ndara za ngozi husaidia ila haziwezi kuwa badala ya buti. Basi akajifunza ushonaji. Msumari ukawa sindano ya kutobolea, mti wa hema ukawa kalibu, na ngozi ikawa ya swala aliyepigwa risasi siku chache kabla. Buti alilokusudia liwe la kulia likatoka kama la kushoto.

Nimeyasoma maelezo hayo zaidi ya mara moja, na kila mara nimebaki na swali lile lile. Ikiwa kamanda mwenyewe alijua kwamba njia zile hazitembeleki peku, je, wale mamia ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walitembeaje? Jibu ni kwamba walio wengi walitembea peku. Hata askari wengi wa jeshi la Waingereza la KAR walipigana vita ile bila viatu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria wa baadaye wanaamini idadi halisi ilikuwa maradufu au zaidi. Wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina lao la Kiingereza la Carrier Corps ndilo tuliloligeuza kuwa Kariakoo. Leo watu huenda Kariakoo kununua viatu, na ni wachache wanaokumbuka kwamba mahali pale pamepewa jina la watu ambao hawakupewa viatu.

Hoja iliyotumika wakati ule ilikuwa nyepesi: Mwafrika amezoea. Kwa hakika alikuwa amezoea njia ya shambani kwake na mwendo wa hiari yake. Hakuna aliyezoea kubebeshwa mzigo wa mtu mwingine milimani miezi minane mfululizo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ya njia huijua unyayo.

Baada ya vita, Waingereza waliunda Idara ya Wanyamapori, na ofisa wake akaitwa na watu Bwana Nyama. Buti la Bwana Nyama lilijulikana kwa alama yake kwenye tope. Lilikuwa tangazo kwamba serikali imepita. Katika Vita vya Pili askari wa KAR nao walivaa mabuti, wakapigana nayo huko Burma, na waliorudi waliyatunza kama cheti.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa Kizungu katika miaka ya 1950. Mmoja wao, alipokuwa akiondoka nchini, alimwachia mabuti yake mazuri ya ngozi. Mabuti yalikuwa membamba, na mguu wa babu ulikuwa mpana mbele, kama ilivyo miguu ya watu waliokua bila viatu. Babu akachukua kisu, akakata sehemu ya mbele, vidole vikachungulia nje. Alivyapandia vilima vya Mahenge miaka mingi. Watu walimcheka, lakini hakuwahi kupata malengelenge. Alikuwa ameelewa jambo ambalo viwanda vikubwa vilikuja kulisahau, kwamba kiatu ndicho kinachopaswa kuufuata mguu.

Nasema viwanda nikikusudia kimoja hasa, kwa kuwa kilikuwa katika mkoa wetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilipata mkopo wa Benki ya Dunia kujenga Kiwanda cha Viatu Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo iuzwe Ulaya. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikupitisha hewa, kana kwamba Morogoro haina jua. Mashine ziliharibika, vipuri havikupatikana, ngozi nzuri haikutosha, na soko la Ulaya halikuvitaka viatu vile. Kiwanda hakikuwahi kuzidi asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Miaka yote hiyo mkulima wa Mngeta na mwindaji wa Mlimba walitembea kwa katambuga zilizochongwa kutoka tairi chakavu la lori, na katambuga zilidumu. Fundi aliyezichonga alimwambia mteja akanyage juu ya tairi, akachora mguu wake kwa chaki, kisha akakata. Morogoro mamilioni ya dola yalitumika bila mguu hata mmoja wa jirani kuchorwa.

Sisemi kwamba katambuga ni kiatu cha mlimani. La hasha. Kwenye utelezi haina mshiko wa kutosha, na kisigino huchomoka. Ulimwengu nao ulilipa gharama kubwa kabla ya kupata soli ya mlima. Zamani wapanda milima wa Ulaya walipigilia misumari chini ya mabuti, ikashika nyasi na barafu lakini ikapiga kelele mawe yalipogongwa. Mwaka 1935 watu sita walikufa katika mlima mmoja wa Italia, na viatu visivyofaa vilihusika katika msiba huo. Mwenzao, Vitale Bramani, akabuni soli ya mpira yenye meno makubwa, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1937. Jina Vibram limetokana na jina lake. Meno hayo ndiyo tunayoyatafuta leo katika mabuti ya mtumba yanayorundikwa kwenye turubai sokoni Ifakara.

Mpwa wangu ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Alipoanza kazi aligawiwa mabuti namba 9, naye mguu wake ni namba 7, kwa sababu namba 9 ndizo zilizokuja. Alijaza matambara ndani, akarudi kutoka doria ya siku nne akichechemea. Nilimpeleka kwa fundi viatu mmoja mzee pale sokoni.

"Shikamoo mzee," kijana alisema. "Naomba uniwekee soli nene, haya yadumu."

"Marahaba. Hayatadumu, mwanangu," fundi alijibu bila kuinua macho. "Kiatu kikubwa hujikunja mahali pasipo pake, kikapasuka hapo. Kadumu gani kasikolingana na mguu? Kaa hapo, vua, tupime."

Aliyoyasema fundi yule siku hiyo nimeyahifadhi. Nunua buti alasiri, mguu ukiwa umevimba kwa kutwa nzima. Pima ukiwa umesimama, umevaa soksi nene za safari, na mzigo begani. Pima miguu yote miwili, na mguu mkubwa ndio uamue. Simama juu ya ubao ulioinama kama unayeshuka mlima: kidole gumba kikigusa mbele, kucha zitang'oka, kisigino kikinyanyuka ndani, malengelenge hayana budi. Ulimi wa buti uwe umeshonwa pembeni ili siafu na kupe wasiingie kirahisi. Shingo yake ipite kifundo cha mguu. Soli iwe imeshonwa wala si kugundishwa tu, na meno yake yaachane vya kutosha ili tope jekundu lidondoke lenyewe. Usiingie mlimani na buti ambalo hujalitembelea wiki mbili nyumbani. Likilowa, lianike kivulini, lijazwe makaratasi au majani makavu ya mpunga. Kando ya moto ngozi hukauka na kupasuka. Na rahisi ghali: jozi moja nzuri iliyobadilishwa soli mara mbili hushinda jozi tatu za kung'aa.

Mpwa wangu aliuza yale namba 9, akaongeza fedha kidogo, akapata mabuti yaliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine huko ng'ambo lakini yanayomkaa. Tangu mwaka 1992 sehemu ya milima ya Udzungwa ni hifadhi ya taifa, na humo hakuna ruhusa ya kuwinda. Wanaoikanyaga sasa ni askari, watafiti na watalii, na mwindaji mwenye leseni hana budi kwenda mahali sheria inapomruhusu. Lakini mteremko haumwulizi mtu kazi yake. Askari anayechechemea hamfikii jangili, na mwindaji anayechechemea hawezi kumfuata nyati aliyemjeruhi, akamwachia hatari hiyo mwanakijiji atakayepita njia ile kesho yake.

Nikiyatazama yote haya kwa pamoja, naona mpagazi wa mwaka 1917, kiwanda cha Morogoro na mabuti namba 9 vina ugonjwa mmoja. Katika kila jambo kulikuwa na mtu aliyeamua juu ya miguu ya wengine akiwa mbali nayo. Dawa yake ni ndogo mno, na fundi wa sokoni anayo: kipande cha chaki, na uvumilivu wa kumwambia mwenzako akanyage hapa. Anayegawa viatu, mipango au sheria, na aanze kwa kuinama.