Historia ya baga: kutoka bandari ya Hamburg hadi miji mikuu ya dunia

Baga ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikabonyezwa iwe bapa, ikakaangwa juu ya chuma cha moto au kuchomwa, kisha ikawekwa katikati ya mkate. Vitu vinavyohitajika ni vichache na karibu kila mji mkubwa duniani unavyo, lakini baga ya New York si ya Tokyo, wala ya Istanbul si ya Delhi. Tofauti hizo hazikuletwa na wapishi peke yao. Zimeletwa na wahamiaji, viwanda, vita, dini na bei ya nyama. Kwa hiyo anayetaka kula baga bora katika mji fulani hana budi kujua baga ilifikaje huko, na wenyeji waliifanya nini ilipofika.

Kutoka Hamburg hadi New York

Asili ya mlo huu ni bandari ya Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Mji huo ulikuwa umejipatia sifa kwa mapishi ya nyama tangu zamani: katikati ya karne ya 18, kitabu cha upishi cha Hannah Glasse kilichochapishwa London kilikuwa tayari kinaeleza namna ya kutengeneza soseji za Hamburg. Katika karne ya 19 Hamburg ikawa mlango mmojawapo mkubwa wa Wazungu waliohamia Marekani. Kampuni ya meli ya HAPAG, iliyoanzishwa huko mwaka 1847, ilivusha wahamiaji wengi mno hadi New York, nao walifika na ladha zao. Migahawa ya New York ikaanza kuuza steki ya Hamburg, yaani nyama iliyokatwakatwa ndogondogo, ikakolezwa chumvi na kitunguu, ikapikwa na kuliwa sahanini kwa kisu na uma. Mkate ulikuwa bado haujaingia.

Mambo mawili yaliishusha nyama hiyo kutoka meza ya mgahawa hadi mkononi mwa kibarua. La kwanza ni mashine ya kusagia nyama, iliyozifanya sehemu ngumu za ng'ombe, kama shingo na bega, ziwe laini na za kuuzika. La pili ni reli. Machinjio makubwa ya Union Stock Yards yalifunguliwa Chicago mwaka 1865, na baadaye mabehewa yenye barafu yakawezesha nyama iliyochinjwa huko kufika miji ya mashariki bila kuoza. Nyama ya ng'ombe ikashuka bei. Kwenye maonyesho ya kilimo na milango ya viwanda, ambako watu walikula wamesimama, vipande viwili vya mkate vilichukua nafasi ya sahani.

Ubishi wa nani alianza

Miji kadhaa ya Marekani inadai heshima ya kuanzisha baga. Seymour, katika jimbo la Wisconsin, inamtaja Charlie Nagreen, aliyeuza nyama kwenye maonyesho ya mwaka 1885. Mji unaoitwa Hamburg, katika jimbo la New York, unawataja ndugu Frank na Charles Menches, nao pia kwenye maonyesho ya mwaka huohuo. Athens, katika jimbo la Texas, inamtaja Fletcher Davis. New Haven, katika jimbo la Connecticut, inamtaja Louis Lassen, mwenye mgahawa mdogo wa Louis' Lunch, anayesemekana kuuza baga yake ya kwanza mwaka 1900.

Dai la New Haven lina uzito wa pekee kwa sababu mgahawa wenyewe bado upo na unapika kwa namna ileile. Nyama husagwa kila siku, hufinyangwa kwa mkono, kisha hubanwa kwenye wavu wa waya na kuingizwa wima ndani ya majiko ya chuma yaliyotengenezwa mwaka 1898. Moto huipata pande zote mbili kwa pamoja, na mafuta hudondoka chini badala ya kuichemsha nyama. Ikiiva huwekwa kwenye mkate wa tosti na jibini, kitunguu na nyanya. Tomato sosi na haradali havitolewi. Jengo lilipotakiwa kubomolewa kupisha ujenzi mpya mwaka 1975, lilihamishwa hadi mtaa wa Crown pamoja na majiko yake.

Senti tano za Wichita

Mwanzoni mwa karne ya 20 nyama ya kusaga ilikuwa na jina baya. Mnunuzi hakuweza kujua kilichosagwa ndani yake, na mwaka 1906 riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, iliufichua uchafu wa machinjio ya Chicago. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya ukaguzi wa nyama, ingawa sheria peke yake haikurudisha imani ya walaji.

Imani hiyo ilianza kurejea Wichita, mji wa Kansas. Mpishi Walter Anderson alikuwa akiuza baga huko tangu mwaka 1916, na mwaka 1921 aliungana na Billy Ingram kuanzisha White Castle. Vibanda vyao vilipakwa rangi nyeupe nje, ndani kukawa na chuma kinachong'aa, wahudumu wakavaa sare safi, na nyama ikapikwa mbele ya macho ya mteja. Baga moja iliuzwa senti 5. Ilikuwa ndogo, na kitunguu kilichochemka chini yake kilipandisha mvuke wa kulainisha mkate. Mwaka 1930 Ingram alifadhili utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako mwanafunzi mmoja alikula baga na kunywa maji tu kwa wiki 13, ili umma uamini kuwa chakula hicho hakina madhara. White Castle ikawa mfano wa migahawa yote ya baga yenye matawi mengi.

Miaka hiyo hiyo ya 1920, umaskini ulizaa baga nyingine huko El Reno, Oklahoma. Wapishi walikata kitunguu kiwe chembamba kama karatasi, wakakirundika juu ya kitonge cha nyama na kukikandamiza kwa mwiko wa chuma mpaka vyote viwili viwe kitu kimoja. Kitunguu kilikuwa rahisi kuliko nyama, kwa hiyo kilijaza mkate. Kikishaungua kidogo kandokando, utamu wake huingia ndani ya nyama. Kilichobuniwa kuokoa senti chache kimedumu hadi leo kwa sababu ya ladha yake.

California na kasi ya kiwanda

Jimbo la California lilikuwa na magari mengi na hali ya hewa ya kula nje. Huko Glendale, Bob Wian alianza kuuza baga ya nyama mbili na mikate mitatu mwaka 1937. Huko San Bernardino, ndugu Richard na Maurice McDonald walifunga mgahawa wao kwa muda mwaka 1948 na kuufungua upya ukiwa na orodha ya vyakula tisa tu. Wahudumu wa kuwafuata wateja garini waliondolewa, sahani na vijiko vikaondolewa pia, na jikoni kila mpishi akapewa kazi moja, kama kwenye kiwanda cha magari. Baga iliuzwa senti 15. Mwaka huohuo Harry na Esther Snyder walifungua In-N-Out huko Baldwin Park, mtandao ambao wenyeji wa Los Angeles wanauthamini mpaka leo.

Ray Kroc, muuzaji wa mashine za kuchanganyia vinywaji vya maziwa, aliutembelea mgahawa wa akina McDonald mwaka 1954. Mwaka uliofuata alifungua tawi lake Des Plaines, karibu na Chicago, na mwaka 1961 aliinunua biashara yote kwa dola milioni 2.7. Kuanzia hapo lengo lilikuwa baga isiyobadilika popote inapouzwa. Lengo hilo lilileta usafi, kasi na bei nafuu, lakini liliondoa mkono wa mpishi: nyama ilianza kufika matawini ikiwa imegandishwa, na uzito, unene na muda wa kupika vikaamuliwa na makao makuu.

Miji iliyoipokea na kuibadili

London iliipata baga mapema kuliko miji mingi ya Ulaya. Kampuni ya J. Lyons ilianza kuuza baga za Wimpy kwenye mgahawa wake wa mtaa wa Coventry mwaka 1954, mwaka uleule ambao mgao wa nyama uliobaki tangu Vita vya Pili vya Dunia ulikomeshwa Uingereza. Wimpy ililetwa mezani na mhudumu, ikaliwa kwa kisu na uma. Njia hiyo ilienea katika nchi zilizokuwa na uhusiano na Uingereza, ikiwemo Afrika Kusini, na wakazi wa Nairobi waliijua Wimpy miongo kadhaa kabla Burger King haijafungua mlango wake katika mji huo mwaka 2016. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki nyama ya kusaga yenye kitunguu na viungo haikuwa ngeni, maana kababu zilikuwa zikiliwa zamani.

Japani ilianza na nyama na mwisho ikaja kwenye mkate. Steki ya kusaga yenye mchuzi mzito, inayoliwa kwa wali, ilikuwa tayari chakula cha kawaida nyumbani. Huko Sasebo, penye kambi ya jeshi la majini la Marekani, baga ziliuzwa kuanzia miaka ya 1950. McDonald's ilifika Tokyo mwaka 1971, kwenye duka kubwa la Mitsukoshi mtaani Ginza. Mwaka uliofuata Satoshi Sakurada alianzisha MOS Burger, ambayo hupika baada ya mteja kuagiza. Mwaka 1973 ilitoa baga yenye sosi ya teriyaki ya soya na sukari, na mwaka 1987 ilitoa baga ambayo badala ya mkate ina wali uliobonyezwa na kuchomwa.

India ilikuwa na mlo wake wa mkononi. Tangu miaka ya 1960, karibu na stesheni ya Dadar huko Mumbai, wafanyakazi wa viwandani walinunua vada pav, andazi la viazi vyenye pilipili ndani ya mkate laini. McDonald's ilipofungua Delhi mwaka 1996 haikuuza nyama ya ng'ombe wala ya nguruwe. Iliweka kondoo, kuku na kitonge cha viazi na njegere, na hicho cha viazi kikapendwa na watu wengi.

Istanbul ilibuni baga inayoliwa usiku. Pembeni mwa uwanja wa Taksim, nyama yenye kitunguu saumu kingi hufungwa ndani ya mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa nyanya, kisha baga hupangwa ndani ya sanduku la kioo lenye mvuke mpaka mkate uwe laini na mwekundu. Sydney iliongeza yai, nanasi na kiazi sukari chekundu. Moscow iliipokea baga kama tukio la kihistoria: McDonald's ilipofunguliwa uwanja wa Pushkin tarehe 31 Januari 1990, zaidi ya watu 30,000 walihudumiwa siku hiyo moja.

Ufaransa ilipinga kabla ya kukubali. Mwaka 1999 mfugaji José Bové na wenzake waliubomoa mgahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa Millau, wakipinga ushuru wa Marekani dhidi ya jibini ya Roquefort. Mwaka 2011 Mmarekani Kristin Frederick, aliyesomea upishi Paris, alianza kuuza baga kwenye gari lililoitwa Le Camion Qui Fume. Alitumia nyama iliyosagwa siku hiyohiyo na mkate wa mwokaji wa mjini, na foleni zake zikawashawishi wapishi wa Ufaransa kwamba baga inastahili ufundi wao.

Kurudi kwa mkono wa mpishi

New York ilikuwa imeanza mageuzi hayo miaka kumi kabla. Mwaka 2001 mpishi Daniel Boulud aliweka mezani baga iliyojazwa nyama ya mbavu na maini ya bata. Mwaka 2004 Danny Meyer alifungua kibanda cha Shake Shack katika bustani ya Madison Square, akauza baga ya bei ya kawaida iliyopikwa kwa nyama nzuri ambayo haijagandishwa. Mwaka 2023 George Motz, mtafiti wa baga aliyeitembelea Marekani yote, alifungua mgahawa Manhattan na kuuza humo baga ya kitunguu ya Oklahoma. Chakula cha maskini wa El Reno kikapata heshima katika mji tajiri kuliko yote Marekani, bila kubadilishwa.

Kutokana na historia hiyo, dalili za baga nzuri ni zilezile katika kila mji. Nyama isagwe siku inayopikwa, ikiwa na mafuta takriban asilimia 20, kwa sababu nyama kavu hukakamaa. Isikandwe sana, na chumvi iwekwe dakika ya mwisho, la sivyo itashikamana kama soseji. Chuma kiwe cha moto sana ili uso wa nyama ugeuke kahawia, maana ladha kubwa hutoka hapo. Mkate uwe laini lakini uweze kubeba mafuta bila kumeguka. Usalama nao una kipimo chake: baada ya mlipuko wa bakteria wa mwaka 1993 ulioua watoto wanne Marekani, wapishi walihimizwa kupika nyama ya kusaga hadi nyuzi 71 za sentigredi katikati. Mgahawa unaoyatimiza hayo kwa nyama, mkate na viungo vya mji wake ndio unaostahili kutafutwa, uwe na vitambaa mezani au uwe kibanda cha pembeni mwa stesheni.