Baiskeli, Sketi Ndefu na Mafundi wa Kike wa Uingereza



Sisi tunaokula kwa cherehani tuna ombi moja ambalo halitupiti wiki nzima bila kulisikia: "Nishonee refu, linisitiri vizuri, lakini niweze kutembea." Mteja anataka stara na wepesi kwa pamoja, na kazi ya fundi ni kuvipatanisha viwili hivyo. Leo tunawahadithia zama ambazo ombi hilo hilo liliwatoa jasho mafundi wa Uingereza, likaandikwa magazetini na mwisho likafika mahakamani. Kilicholeta yote hayo ni baiskeli.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tukisikia "mwanamke wa Kizungu" tunafikiria nguo fupi. Lakini zama za Malkia Victoria, miaka ya 1837 hadi 1901, mwanamke wa Kiingereza mwenye heshima zake alikuwa amefunikwa kutoka shingoni hadi ardhini. Kuonyesha kifundo cha mguu ilikuwa aibu. Chini ya sketi aliweka magagulo, moja juu ya jingine, na kiunoni alifungwa koseti yenye vijiti, ikakazwa kwa kamba mpaka pumzi ikawa shida. Mwaka 1881 wanawake kadhaa London walianzisha Chama cha Mavazi ya Busara, mmoja wa viongozi wao akiwa Lady Harberton. Chama hicho kilishauri kuwa nguo za ndani za mwanamke zisizidi uzito wa pauni 7, yaani kama kilo 3. Fikirini, kilo 3 za nguo za ndani peke yake ndiyo iliyokuwa nafuu!

Sasa mvalishe mwanamke huyo, umpandishe baiskeli.

Baiskeli za mwanzo zilizopata umaarufu Uingereza zilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na mpandaji alikaa juu kabisa. Kwa sketi ndefu hilo lilikuwa jambo lisilofikirika. Wanawake wenye uwezo walipanda za magurudumu matatu, ambazo mtu hukaa kama kitini. Malkia Victoria mwenyewe, baada ya kumwona mwanamke akiendesha moja kwenye kisiwa cha Wight, aliagiza mbili mwaka 1881. Ziliundwa na James Starley, fundi wa mji wa Coventry.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mpwa wake, John Kemp Starley. Mwaka 1885 alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Ukiitazama leo utaitambua mara moja, kwa sababu baiskeli zetu bado zinafuata umbo lile. Miaka mitatu baadaye, 1888, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, John Boyd Dunlop, akapata hataza ya mpira wa kujaza upepo. Safari ikawa laini. Ilipofika katikati ya miaka ya 1890, baiskeli ilikuwa imewapagawisha Waingereza, wanaume kwa wanawake.

Hapo ndipo chuma kilipoanza kuinama mbele ya kitambaa. Fremu ya kawaida ina bomba la juu linalokwenda moja kwa moja kutoka kwenye siti hadi kwenye usukani. Mwenye sketi ndefu hawezi kulivuka bomba hilo bila kujifunua. Waundaji wakalishusha, likapinda chini ili sketi ipite na ikae vizuri. Mnyororo wakaufunika ili usile kitambaa wala kukipaka grisi. Gurudumu la nyuma wakalisukia nyuzi kutoka kwenye madigadi hadi katikati, mfano wa wavu, ili upindo usiingie kwenye spoki. Ile tunayoiita "baiskeli ya kike" haikuumbwa hivyo kwa sababu ya mwili wa mwanamke. Iliumbwa hivyo kwa sababu ya sketi yake. Na umbo hilo lilifika hadi kwetu, maana enzi za Waingereza hapa Zanzibar, Raleigh za kutoka Nottingham zilizoea barabara zetu, na mpaka leo ukienda Paje au Makunduchi utawaona akina mama na wasichana wakizunguka na baiskeli wakiwa wamejistiri.

Lakini fremu iliyopinda haikumaliza tatizo. Upepo ulipoingia chini ya sketi ulijaa kama tanga. Upindo ulinaswa kwenye pedeli, na mwanamke akaanguka vibaya. Baadhi ya madaktari nao wakaongeza vitisho, wakidai kuwa baiskeli itamharibu mwanamke sura, abaki na uso uliokakamaa. Waliotaka kuendelea kupanda ikawabidi wachague.

Wako waliochagua suruali. Hilo halikuwa jipya kabisa. Tangu 1851 huko Marekani, mwanamke aitwaye Amelia Bloomer alikuwa ameitetea gazetini mwake suruali pana iliyobana vifundoni, ikivaliwa chini ya gauni fupi kidogo. Tunapenda mjue watu wa wakati ule waliiitaje: suruali ya Kituruki. Walijua imetoka wapi. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wakivaa suruali chini ya kanzu zao karne nyingi kabla, na hata hapa Unguja, ile picha mashuhuri ya Sayyida Salme katika mavazi ya kwao inaonyesha suruali chini ya kanzu. Kwetu suruali hiyo ilikuwa sehemu ya stara. Uingereza ikaonekana ni uasi.

Mwezi Septemba 1893, msichana wa miaka 16 wa mji wa Brighton, Tessie Reynolds, alipanda baiskeli hadi London na kurudi, zaidi ya kilomita 160, kwa muda wa saa nane na nusu hivi. Alivaa suruali iliyofika chini ya goti na koti refu juu yake. Magazeti yaliishangaa safari, lakini yaliyoandikwa kuhusu mavazi yake yalizidi. Wengine walimsifu, wengine wakaona ameivunja heshima ya wanawake wote.

Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Lady Harberton. Alikuwa mwanamke wa ukoo wa kitukufu, mwenye umri mkubwa, tena anajulikana. Oktoba 1898 alifika kwa baiskeli kwenye hoteli iitwayo Hautboy, katika kijiji cha Ockham, Surrey, akitaka chakula cha mchana. Kwa kuwa alikuwa amevaa suruali pana ya baiskeli, mwenye hoteli alikataa kumkaribisha kwenye chumba cha kahawa wanakokaa wanawake waungwana. Akaambiwa akale upande wa baa. Chama cha waendesha baiskeli kikamsimamia na kesi ikasikilizwa mwaka 1899. Wazee wa baraza wakaona mwenye hoteli hana hatia, kwa kuwa chakula hakumnyima, alimpangia chumba kingine tu.

Kama mwanamke wa daraja lile alipelekwa baa kwa sababu ya suruali, mwalimu wa skuli au muuza duka angefanywa nini? Wanawake waliovaa hivyo walizomewa njiani, wakatupiwa maneno na hata mawe.

Basi tuwageukie mafundi, maana wao ndio waliotufanya tuandike makala hii.

Kati ya mabishano ya wanaosema "vueni sketi" na wanaosema "kaeni nyumbani", walikuwepo wanawake waliokaa chini na mkasi. Swali lao lilikuwa la kifundi: tunawezaje kushona sketi ambayo mwanamke akiwa mtaani ni ndefu kama ya wenziwe, na akipanda baiskeli inapanda juu? Na walipopata jibu hawakuliacha midomoni mwa watu. Walikwenda kulisajili serikalini wapewe hataza, ile hati inayolinda ubunifu wa mtu usiibwe. Sheria mbili ziliwasaidia. Ya 1882 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na ya 1883 ilipunguza sana ada za hataza.

Alice Bygrave, fundi wa nguo wa London, alisajili yake mwaka 1895. Ndani ya mishono ya mbele na ya nyuma alipitisha kamba, akaziongoza kwenye kapi ndogo, mfano wa zile za kupandishia tanga la jahazi. Kwenye upindo akaweka vizito. Mwanamke akivuta kamba kiunoni, sketi inajikunja juu mbele na nyuma. Akiachia, vizito vinaishusha hadi ardhini na hakuna anayejua kilichokuwa ndani. Kampuni ya Jaeger ya London iliichukua sketi hiyo ikaitengeneza na kuiuza.

Julia Gill, naye fundi wa London aliyewashonea wanawake wa tabaka la juu, alitumia pete ndogo na kamba. Kamba ikivutwa, sketi hukusanyika kiunoni kama marinda, na chini yake kuna suruali pana iliyoshonwa kwa ajili hiyo. Ndugu wawili wa York, Mary na Sarah Pease, walisajili yao mwaka 1896. Yao inavuliwa yote na kugeuzwa joho fupi la mabegani, mkanda wa kiuno ukawa kola. Mwaka huo huo Henrietta Müller, mpiganiaji wa haki za wanawake, akasajili seti nzima: koti, sketi inayoinuliwa kwa vitanzi na vifungo, na vazi la ndani lililounganisha blauzi na suruali. Tena aliweka mifuko ya kutosha, kwa sababu aliona mwanamke asiye na mfuko hana pa kuweka pesa yake.

Itazameni kazi hii kwa jicho la fundi. Kamba iliyopitishwa ndani ya mshono lazima iteleze bila kukwama. Vizito vikiwa vyepesi sketi haishuki, vikizidi vinavuta kitambaa. Kitambaa chenyewe kikikusanyika kiunoni kisimfanye mwanamke aonekane kama gunia. Na mshono mzima usionekane kwa nje. Hiyo si kazi ya kubahatisha. Ni kazi ya mtu aliyekata na kufumua mara nyingi.

Kwa nini basi hatuzisikii sketi hizo leo? Kwa sababu Uingereza iliamua kuliacha swali lenyewe. Kufika Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, sketi zikafupishwa, na baadaye suruali ikawa vazi la kawaida la mwanamke. Sketi ikishakuwa fupi, kamba na kapi za nini? Hataza zile zikabaki kwenye makabati ya serikali kwa zaidi ya karne, mpaka watafiti wa siku zetu walipozifungua na kuzishona upya.

Lakini sisi hatukufupisha. Kwetu stara ni ibada, hatuna mjadala nayo. Kwa hiyo swali lile la akina Bygrave, ambalo wenyewe wameliacha, bado ni swali letu. Abaya bado inaingia kwenye mnyororo wa baiskeli na kwenye tairi la bodaboda, na ajali za namna hiyo huumiza watu. Bado kuna wasichana wanaoacha baiskeli wakishabaleghe, wakatembea mwendo mrefu kwenda skuli, kwa sababu tu nguo na chuma havikupatanishwa. Wengine huambiwa wachague: ama ujistiri, ama uende. Historia hii inatuonyesha kuwa mara nyingi chaguo hilo ni la uongo. Kinachokosekana ni fundi aliyefikiria.

Bi harusi, ombi lako liwe hivi. Unapopeleka kitambaa cha abaya au gauni la baada ya fungate, mwambie fundi wako unavyoishi. Unapanda baiskeli? Unapanda bodaboda kwenda kazini? Unapanda ngazi za nyumba ya ghorofa na mtoto mkononi? Mwambie atie vitanzi na vifungo kwa ndani, kama vya Müller, uweze kuinua upindo kiasi cha shubiri na kuushusha ukifika. Mwambie atie vizito vidogo kwenye pindo ili upepo usikufunue. Mwambie akushonee suruali pana ya ndani ya kitambaa hicho hicho, ili hata upindo ukipanda, stara ibaki. Na kama unanunua baiskeli, chagua yenye fremu iliyoshuka na kifuniko cha mnyororo, na utie wavu kwenye gurudumu la nyuma.

Hata lile gauni jeupe lenye mkia mrefu, ambalo siku ya harusi mashoga wawili hulishika nyuma, lina vitanzi vya kuinulia mkia wakati wa kucheza ngoma. Ukimwona fundi wako anavitia, jua kwamba anafanya kazi ya ukoo mmoja na ile ya Julia Gill na pete zake. Usimpunguzie bei.

Na nyinyi wenzetu wa cherehani, mkibuni mshono ambao haujawahi kushonwa, uandikeni, uchoreni, mkaulize namna ya kuusajili. Wanawake wale majina yao tunayajua leo kwa sababu waliyaandika kwenye karatasi.