Darubini ya bunduki: jinsi ya kuichagua na kuijaribu

Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni, tofauti na Kenya iliyoupiga marufuku mwaka 1977, nyati kwa kawaida hupigwa risasi kutoka umbali usiofika mita 100.

Kwa umbali huo, darubini inayokuza mara 1 hadi 4 inatosha. Ikiwekwa kwenye 1, mwindaji hulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Picha ikikuzwa mno, mnyama anayekuja mbio hupotea machoni.

La kwanza kuangaliwa ni nafasi kati ya jicho na lenzi. Bunduki ya nyati hupiga teke kali, hivyo nafasi hiyo isipungue sentimita 9.

La pili ni mwanga. Kipenyo cha lenzi ya mbele hugawanywa kwa kiwango cha ukuzaji: milimita 24 kwa 4 ni 6, ukubwa unaokaribia ule wa mboni ya jicho iliyopanuka gizani.

Majaribio hufanywa kwenye uwanja wa shabaha, si dukani. Risasi 3 hupigwa darubini ikiwa kwenye 1, na 3 ikiwa kwenye 4. Zote zapaswa kuangukia mahali pamoja. Kisha virekebishi huzungushwa mibofyo 20 kulia, juu, kushoto na chini, kwa risasi moja kila hatua. Ya mwisho yapasa kurejea zilipoanzia.

Isiporejea, ilhali vishikizo vimekazwa, darubini hiyo haifai. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na wanaotangulia kumtafuta ni wafuata nyayo.