Gobori na Wenzo: Bunduki Mbili za Zama Moja katika Nchi ya Buha

Mapema mwezi Novemba mwaka 1871, kwa hesabu ya shajara yake mwenyewe, Henry Morton Stanley aliuvuka mto Malagarasi akaingia nchi ya Waha, njiani kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Hakwenda mikono mitupu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata, ameziorodhesha silaha zake moja baada ya moja: bunduki ya Winchester na bunduki ya Henry, zote mbili kwa maneno yake zikipiga risasi 16 kabla ya kujazwa tena, bunduki nyingine za kutiliwa kiasi kwa nyuma, moja kubwa ya kuulia tembo, bastola, na gumegume 24 za kupewa askari wa msafara.

Hizo mbili za mwanzo ni bunduki za wenzo. Chini ya kifyatulio chake pana mkono wa chuma uliokunjwa kama kikuku, ambamo mpigaji hupitisha vidole vyake. Mkono huo ukishushwa, ganda la kiasi kilichokwisha kulipuka hurushwa nje na nyundo ya mtambo hupandishwa. Ukirudishwa juu, kiasi kipya husukumwa mtutuni. Benjamin Tyler Henry alipata hati ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1860, na mwaka 1866 kampuni ya Winchester ikaongeza mlango mdogo wa ubavuni wa kupitishia viasi. Winchester aliyoichukua Stanley haikuweza kuwa nyingine ila ya muundo huo wa 1866, kwani muundo mashuhuri zaidi, ule wa 1873, ulikuwa haujazaliwa. Kwa hivyo silaha ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa kazi mpya kabisa za viwanda vya dunia ilipita ukingoni mwa Buha ikiwa na umri wa miaka mitano tu.

Waha waliomsimamisha njiani walikuwa na mikuki, pinde na mishale. Mionvu, mtware wa Kimenyi, alidai hongo ya doti 100. Baada ya mabishano marefu zikalipwa doti 75, nazo, kwa kuwa doti moja ni mikono minane, ni mikono 600 ya nguo. Stanley alitamani kupigana. Watu wake wenye uzoefu walimwambia kwamba nchi ile ni tambarare isiyo na maficho, vijiji vyake ni vingi, na mwito mmoja ungeviamsha vyote. Akalipa. Haukupita muda akadaiwa tena, akalipa tena. Na alipopata habari kwamba mbele wako wengine wanaongojea haki yao, aliamua kutoroka usiku, nje ya njia kuu, watu wake wakiwa wameamrishwa wasitoe sauti. Mizigo yake ilikuwa na merikani nyingi, ile nguo ya pamba kutoka Marekani. Nguo ya Marekani ndiyo iliyomfungulia njia ya Buha. Bunduki ya Marekani ilikaa begani.

Kisa hiki kina mafunzo kwa anayeandika historia ya silaha katika bara. Imezoeleka kusimuliwa kana kwamba bunduki ilipoingia, mkuki ulikufa siku hiyo hiyo. Sivyo ilivyokuwa. Huko Unyamwezi, ni kweli, Mirambo alijenga dola kwa rugaruga waliobeba bunduki. Lakini kaskazini ya Buha, Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, aliwazuia watu wa Rumaliza wa Ujiji katika miaka ya 1880, ingawa jeshi lake lilitegemea zaidi silaha za jadi. Falme za Waha wa milimani, Heru upande wa Kasulu ya leo, na Muhambwe upande wa Kibondo, zilikuwa mbali kidogo na njia kuu ya misafara, iliyopita kusini kupitia kwenye chumvi ya Uvinza. Kwao bunduki ilikuwa kitu kinachopanda mlima polepole, kikipita mikono mingi, na mara nyingi kikifika kimechakaa.

Na bunduki hizo zilitoka wapi? Jibu linawahusu watu wa visiwani. Sehemu kubwa zilishushwa Unguja. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha haraka mno: gumegume iliachwa kwa ajili ya bunduki ya fataki, fataki ikaachwa kwa ajili ya bunduki ya kutiliwa kiasi kwa nyuma, na kila badiliko liliacha ghala zima la silaha zisizotakiwa tena, pamoja na viwanda vya Liège na Birmingham vilivyoendelea kutengeneza za bei nafuu kwa soko la Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, aliiarifu serikali yake kwamba kila mwaka bunduki baina ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia barani kupitia pwani hii. Hata kama alikisia kwa kuzidisha, hesabu hiyo yaonyesha ukubwa wa biashara yenyewe. Aliyeuza pembe za ndovu na aliyeuza baruti mara nyingi alikuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo ilipokuja sheria iliyozitenga bunduki hizi mbili mpaka leo. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulikusudiwa kuvunja biashara ya watumwa, na miongoni mwa vifungu vyake ni vile vya silaha. Katika eneo lote la Afrika lililo baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, bunduki za shabaha ya hakika, zile za mtutu wenye mifuo na zile za kupiga mfululizo, zilizuiwa zisimfikie mwenyeji. Lakini gumegume isiyo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, iliruhusiwa kwa masharti. Dola za Ulaya zilikuwa zikigawana bara wakati huo huo, na hazikuona haja ya kuiogopa silaha ambayo askari wao walikwisha kuitupa. Tangu hapo bunduki ya wenzo ikawa ya mgeni, na ya kushindilia ikawa ya mwenyeji. Jina lake likabaki gobori.

Gobori hutiwa kila kitu kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha kitambaa au nyuzi, kisha risasi au marisaa, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Ni kazi ya dakika nzima kwa risasi moja. Mvua ikinyesha, baruti hulowa. Mwindaji aliyekosa hana nafasi ya pili. Lakini ina sifa moja ambayo Winchester haikuwa nayo katika milima ya Buha, nayo ni kwamba haihitaji kiwanda. Winchester isiyo na kiasi chake, kilichotengenezwa kwa kipimo kimoja tu, ni fimbo ghali. Gobori lililovunjika humrudia mhunzi, na mhunzi aliyeweza kufua jembe, kigumba na mkuki aliweza kujifunza kufua nyundo na kamani ya mtambo. Aliyetengeneza moja iliyokuja kutoka Liège alikwisha kuona namna ya kuunda ya pili. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvuvia; na katika kuvuvia kwa miaka mingi, ufundi wa gobori ukawa ni ufundi wa wenyeji.

Ufundi huo una elimu yake. Kamani ikiwa dhaifu, nyundo huangukia fataki bila ya kuiwasha, na nguruwe aliyekuja kula mahindi hujiondokea salama. Kamani ikiwa ngumu kupita kiasi, kidole hulazimika kuvuta kwa nguvu, mkono hutikisika na shabaha hupotea. Kitako kikiwa kirefu, bega huumia; kikiwa kifupi, shavu hukaa vibaya. Fundi hulainisha, hujaribu, hulainisha tena. Hana chombo cha kupimia ila kidole chake na sikio linalosikiliza mlio wa chuma kinapokaa mahali pake.

Sasa yafaa kuitazama ile bunduki nyingine ilipofikia. Huko Marekani, bunduki za wenzo za karne ya 19 na nakala zake zimekuwa starehe ya wakusanyaji. Wako wanaoandika vitabu kuhusu namba zilizogongwa katika chuma, namna ya kitako na rangi ya shaba, na wako wanaolipa fedha nyingi kwa kipande kimoja kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani. Tangu miaka ya 1980 imestawi pia michezo ya kulenga shabaha, washiriki wakivaa kama wachunga ng'ombe wa zamani na kushindana kwa sekunde. Kwa ajili hiyo mafundi huzifungua bunduki hizo, huzisugua sehemu zinazokwaruzana, huzipunguza nguvu kamani zake na kuufupisha mwendo wa wenzo. Mtu wa namna hiyo hukaa jioni nzima na chuma mkononi, akilainisha na kujaribu, na jirani humwita mpenzi wa historia.

Yule wa Kasulu, anayefanya kazi ile ile, huitwa mhalifu. Na haitakuwa haki kusema kwamba ameitwa hivyo bure. Tangu mwaka 1993, vita vilipozuka Burundi, wilaya za Kibondo na Kasulu zilipokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu. Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa na Mtendeli yakawa majina yanayojulikana ulimwenguni, na mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya waliotoka Kongo. Wengi mno walikuja na watoto na masufuria tu. Lakini vita huvuja, na silaha za kisasa zilivuka mpaka pamoja na wachache waliozificha. Barabara zikawa na majambazi, mabasi yakasindikizwa na polisi, na gobori nalo likaonekana mikononi mwa wanyang'anyi na wa wawindaji haramu wa pori la Moyowosi. Mjane wa dereva aliyeuawa njiani haulizi mtutu ulikuwa na mifuo au la.

Ndiyo maana sheria ilikaza. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ilizitaka nchi za eneo hili kutia alama silaha zao na kuziharibu haramu. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, na kuunda bunduki bila ya kibali ni kosa. Magobori husalimishwa au hukamatwa, hurundikwa, na hatimaye huteketezwa. Amani ya barabara ina thamani kuliko chuma chochote, na hakuna mwenye akili atakayetaka magobori yarudishwe vijijini.

Hata hivyo, katika moto ule huungua kitu kingine ambacho hakikuua mtu. Kila gobori ni waraka. Kufuli lake laweza kuwa la Ulaya, kitako chake cha mti wa Buha, mtutu wake wa chuma kilichokuwa bomba, kamani yake imefuliwa upya na mikono mitatu ya vizazi vitatu. Historia ya mhunzi wa milimani, ambaye hakuandika kitabu wala hakuandikwa na Stanley, imo humo na pengine haimo mahali pengine. Ikiyeyuka bila ya kusomwa, atakayetaka kujua Waha waliijuaje bunduki itambidi aende kuuliza orodha za Brussels na shajara za wageni.

Dawa yake si kubwa. Kabla ya moto kuwashwa, yachaguliwe magobori machache, mitutu izibwe isifae tena kwa risasi, na kila moja liandikiwe kijiji lilikotoka na kazi iliyofanywa juu yake. Wazee wanaojua ufundi huo waulizwe kwa dhamana kwamba maneno yao hayatakuwa ushahidi mahakamani. Ujiji ipo nyumba ya makumbusho ambamo Stanley na Livingstone wamesimamishwa kwa sanamu wakiamkiana. Kando yao ipo nafasi ya mtware aliyelipwa doti 75, na ya mhunzi aliyejifunza mtambo kwa kuufungua. Unguja nayo, iliyozishusha bunduki zile bandarini kwa maelfu na kupokea ushuru wake, ina deni la kuijua safari yake hadi mwisho, na mwisho wenyewe ni huko Kibondo na Kasulu, ambako silaha iliyotupwa na Ulaya ilipata fundi.