Sanduku la Pili Ukutani

Katika nyumba nyingi za zamani za Uingereza, umeme uliingia kupitia sanduku la fyuzi: kibao cha mbao, vishikio vichache vya kauri, na ndani ya kila kishikio kijiwaya chembamba. Kikizidiwa, kinaungua, mwenye nyumba anatafuta tochi na kufunga kingine. Wapo waliofunga waya mnene ili wasisumbuliwe tena. Fyuzi ya namna hiyo haiungui, inaungua nyumba.

Sanduku hilo halikujua mchana wala usiku. Kwa wateja wengi, uniti ya saa nane usiku ilikuwa bei moja na ya saa moja jioni, wakati majiko na televisheni vimewashwa nchi nzima. Shida ilikuwa kwenye mitambo. Kituo kikubwa cha makaa ya mawe hakizimwi kama taa ya chumbani, na vile vya nyuklia, kama Hinkley Point B na Hunterston B vilivyoanza kuzalisha umeme mwaka 1976, vilifaa kuendeshwa bila kupumzika. Watu wakilala, umeme unakosa mlaji.

Mwaka 1978 ikaanzishwa Economy 7: saa saba za usiku kwa bei nafuu. Mita za bei mbili zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini jina hili ndilo lililozoeleka. Fundi aling'oa sanduku la fyuzi na mara nyingi akaacha mawili mahali pake. La kwanza lilihudumia taa na soketi saa zote. La pili lililala mchana kutwa. Usiku saa ya mita ilipofika, swichi nzito ililiamsha, na umeme ukaenda kwenye tangi la maji ya moto na kwenye hita zilizojaa matofali. Matofali yalipashwa usiku, yakatoa joto mchana.

Ila uniti ya mchana ilipanda juu ya bei ya kawaida. Anayeshinda nyumbani, mzee au mzazi mwenye watoto wadogo, alinunua ile ghali, na jioni ilipoingia matofali mengi yalikuwa yameshapoa. Kusema alichagua mwenyewe naona ni kumwonea. Mei 1968 gesi ililipuka Ronan Point, jengo la ghorofa 22 mashariki mwa London. Upande mmoja ukaporomoka, wakafa watu wanne. Baadaye gesi iliondolewa katika majengo marefu mengi ya aina hiyo. Mpangaji wa huko alibaki na umeme tu, na ratiba aliyopangiwa na wengine. Hata saa yenyewe ilimchenga: mita nyingi hazikufuata mabadiliko ya saa ya kiangazi, kwa hiyo miezi kadhaa kila mwaka usiku wa bei nafuu ulianza na kuisha saa moja baadaye kuliko alivyozoea.

Kuanzia miaka ya 1980, katika nyumba kadhaa saa hiyo ilibadilishwa na redio. Ishara isiyosikika ilifichwa ndani ya matangazo ya masafa marefu ya BBC Radio 4, yakirushwa kutoka Droitwich na minara miwili ya Scotland. Msikilizaji alisikia habari. Swichi ukutani ilisikia amri. Mitambo hiyo ilizeeka, na kuzimwa kwa ishara hiyo kwa awamu kukapangwa kuanza 30 Juni 2025. Wateja walionywa wabadilishe mita mapema: ishara ikikatika, hita zingeweza kukataa kuwaka, au kuwaka zisizime.